Tope Nililoleta Nyumbani

Kazi yangu ni mfereji. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndiyo kazi yenyewe. Mfereji wetu unatoka mtoni, unapita nyuma ya nyumba za mtaa, unashuka mpaka kwenye mashamba ya bondeni. Asubuhi nafungua malango ya maji, jioni nayafunga. Nazibua majani yaliyokwama. Nawakemea wanaotupa takataka. Mtaani jina langu la kuzaliwa limeshasahaulika. Naitwa Bwana Mfereji, na mimi mwenyewe nimeshazoea kuitika.

Kila baada ya miezi mitatu kuna kazi kubwa. Maji yakifika kwenye lango kubwa hupunguza mwendo, na hapo tope hujaa. Nisipolitoa, maji hayapiti. Basi navaa mabuti yangu ya mpira, nashika beleshi, nachota tope kutwa nzima. Ni tope jeusi, laini kama unga uliokandwa vizuri. Waliofanya kazi hii kabla yangu walikuwa wanalirundika pembeni mwa mfereji. Mvua ikinyesha, linarudi ndani. Nikawaona wajinga. Mimi nikaleta toroli, nikalipakia, nikalipeleka nyumbani.

Mke wangu, Mama Chiriku, ana bustani nyuma ya nyumba. Udongo wetu ni mwekundu na mgumu. Alipolichanganya na lile tope, mboga zilifumuka. Spinachi ilitoa majani mapana kama sahani. Karoti zikanenepa.

"Mume wangu ana akili," aliwaambia majirani.

Kichwa kikanivimba. Kwa miaka miwili nikaleta toroli baada ya toroli. Hata jirani yetu nilimpelekea matoroli mawili. Lundo letu lilikaa karibu na mlango wa jikoni, na halikuisha.

Chiriku ni binti yetu. Ana miaka minne. Jirani ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu mtoto alikuwa hanyamazi. Anaamka anaongea, anakula anaongea, analala anaongea. Kwa nini kuku hana meno? Kwa nini mwezi unatufuata? Nani alimwambia mbuzi kwamba yeye ni mbuzi? Siku nyingine, nikiwa nimechoka, nilimwambia, "Mwanangu, pumzisha ulimi kidogo." Nilikuja kuyajutia maneno hayo.

Lile lundo la tope lilikuwa duka lake. Alifinyanga keki, akazipanga juu ya ubao, akanisubiri nirudi kutoka kazini.

"Baba, keki yako! Ya moto!"

"Asante, mwenye duka. Ina sukari?"

"Nyingi! Kula!"

Nilikuwa naipeleka karibu na mdomo, naificha nyuma ya kiganja, kisha natafuna hewa na kufumba macho. "Mmm! Tamu kweli!" Yeye anacheka mpaka anakaa chini. Huo ulikuwa mchezo wetu wa kila jioni, na niliupenda kuliko chakula chenyewe.

Sijui ukimya ulianza siku gani. Unaweza kujua siku mvua ilipoanza, lakini siku mtoto alipoacha kuuliza maswali, huijui. Tuligundua tu kwamba nyumba imetulia. Mwanzoni nilidhani anakua, anapata adabu. Mke wangu hakudhani hivyo.

"Huyu si yeye," aliniambia. "Jana nilimwonyesha kuku nikamuuliza huyu nani. Akasema 'ile... ile...' Akaanza kulia. Baba Chiriku, amemsahau kuku!"

Yakaja mengine. Tumbo lilimuuma. Choo kilikuwa kigumu. Alipauka. Alikasirika kwa jambo dogo, kisha akalala mchana kama mtu aliyelima. Chakula alikiangalia tu.

Tukaenda zahanati. Walipima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya minyoo. Tulisubiri wiki mbili, hali ni ileile. Tukarudi. Wakapima damu, wakasema imepungua, wakampa dawa ya kuongeza damu. Alipata nafuu kidogo, kisha akarudi alipokuwa. Nikawa sielewi lolote. Ugonjwa gani huu unaomnyamazisha mtoto?

Jirani yetu ni mstaafu. Tunamwita Mjuaji, kwa sababu hakuna jambo asilolijua, hata lile ambalo halijatokea. Alikuja, akamtazama Chiriku, akakuna kidevu.

"Ni maji," alisema. "Maji ya mfereji wako."

Nilikasirika. Maji ya mfereji wangu! Hata hivyo sikubisha. Tuliyatumia kunywa, ndiyo, lakini tuliyachemsha. Sasa tukayachemsha mara mbili. Sufuria ikaota gamba jeupe. Nikaenda ofisi ya maji, nikaomba waje wapime. Wakaja, wakachota, wakaondoka. Baada ya siku kumi wakaleta karatasi: maji ni masafi, ukiyachemsha unaweza kunywa.

Nikamwonyesha Mjuaji karatasi. Aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine.

"Basi ni redio," alisema.

"Redio?"

"Mnaifungulia kwa sauti kubwa. Kelele zimemchosha mtoto."

Tukapunguza redio. Mtu aliyechanganyikiwa hakatai ushauri. Angeniambia nigeuze kitanda kiangalie mlango, ningekigeuza.

Ndipo akaja yule mtafiti.

Nilimkuta asubuhi kwenye lango kubwa. Ni mwanamke wa makamo, amevaa mabuti kama yangu, suruali imejaa matope mpaka magotini. Alikuwa anasukuma bomba la plastiki ndani ya tope chini ya maji. Akalichomoa, likatoka limejaa tope jeusi, akalimimina kwenye mfuko na kuandika namba.

"Habari za kazi, dada," nilisema. "Umekosea. Maji yapo huku juu."

Akacheka. "Nzuri, kaka. Maji nimeshachukua. Sasa nataka kilichokaa chini."

"Tope?"

"Tope. Sisi tunaliita mashapo. Ni vile vitu vinavyotua chini maji yakipunguza mwendo. Mimi nachunguza yaliyomo ndani ya maji, ndani ya mashapo, na ndani ya udongo wa mashamba. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nilimwonea huruma kidogo. Mtu amesoma miaka yote hiyo ili achote tope, na mimi nalichota bila cheti. Nikamwambia kwa majivuno kwamba tope hilo ni langu, mimi ndiye niliyelitoa mara ya mwisho, na mara zote kabla ya hapo.

Akaacha kuandika. "Ukilitoa, unalipeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwako?"

"Kwa mke wangu. Kwenye bustani. Njoo uone spinachi yetu!"

Hakucheka. Alifunga mfuko wake polepole. "Kaka, nyumbani kuna mtoto mdogo?"

"Yuko mmoja. Miaka minne."

"Anachezea hilo tope?"

Sikuelewa kwa nini ananiuliza. "Mtoto gani hachezi na tope?"

"Nisikilize," alisema. "Bado sina majibu ya maabara, kwa hiyo sitaki kukutisha bure. Lakini nina wasiwasi na tope hili. Usipeleke jingine nyumbani. Lile lililopo lifunike, na mtoto asilisogelee mpaka nikuletee majibu. Umenielewa?"

Nilisema nimemwelewa. Sikumwelewa. Maji yamepimwa ni masafi, karatasi ninayo, tope limekaa ndani ya maji hayohayo masafi. Litakuwaje baya? Njia nzima nilikuwa nabishana naye kichwani, na kichwani mwangu nilikuwa nashinda.

Nilipofika nyumbani Chiriku alikuwa kwenye duka lake. Hakunikimbilia. Alininyooshea keki tu, bila neno. Nikasahau yote niliyoambiwa. Mtoto aliyekaa kimya wiki nyingi ananipa keki, ningekataa? Nikaipokea, nikaificha nyuma ya kiganja, nikatafuna hewa.

"Mmm! Tamu!"

Naye akachukua ya kwake, akaing'ata. Akatafuna. Akameza.

"Chiriku! Unakula?"

Akanitazama kwa mshangao. Midomo ilikuwa myeusi.

"Na wewe unakula," alisema.

Miaka miwili nilikuwa namfundisha, kila jioni, kwa kicheko na kwa upendo wote nilionao. Yeye hakuona kiganja. Aliona baba anakula keki na kusema ni tamu.

Nikambeba mpaka kwenye beseni. Mama yake akatoka jikoni akikimbia, akatukuta nikimwosha mikono na midomo. Nikamweleza kila kitu, mbele nyuma, nyuma mbele. Hakunielewa, lakini aliona uso wangu. Akachukua turubai la kuanikia, tukalifunika lile lundo na kulibana kwa mawe pembe zote. Chiriku alilia duka lake limefungwa. Alilia bila maneno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asubuhi nilikwenda langoni kabla hakujapambazuka vizuri. Mtafiti alipofika alinikuta nimeketi juu ya toroli.

"Anakula," nilimwambia. "Na amekuwa hasemi."

Nikamhesabia dalili zote: tumbo, choo, hasira, damu, kuku aliyesahauliwa. Akatoa karatasi, akaandika barua fupi kwa daktari.

"Mimi si daktari wa watu," alisema. "Mpelekeni hospitali leo. Waambieni wampime damu, waangalie madini ya risasi. Si kila zahanati ina kipimo hicho, kwa hiyo msikubali kurudishwa. Na barua hii waione."

Tulikwenda. Zahanati walisoma barua, wakatuelekeza hospitali kubwa. Wakatoa damu. Kisha tukasubiri, na kusubiri huko sikuombei hata wewe unayesoma.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja. Risasi ilikuwa nyingi katika damu ya Chiriku. Daktari alituketisha.

"Tiba ya kwanza ni kuiondoa sumu inakotoka," alisema. "Mkiiacha nyumbani, hakuna dawa itakayosaidia. Mpeni chakula mara kwa mara, asikae na tumbo tupu. Maharage, mboga safi, maziwa, mayai. Vinasaidia mwili usiipokee risasi kirahisi. Na kila mwezi mumlete tumpime."

"Atasema tena?" mke wangu aliuliza.

Daktari alimgeukia. "Sitakudanganya, mama. Mengine hurudi haraka, mengine huchelewa, mengine huenda yasirudi yote. Mmewahi kuja, na ana miaka minne. Nina matumaini."

Tulipofika nyumbani mke wangu akasimama bustanini, akaitazama spinachi yake.

"Ulilileta wewe," alisema.

"Mimi."

"Na mimi nilikusifia. Kila toroli nilikusifia." Akaanza kulia. Nami nikalia, mtu mzima na mabuti yangu miguuni.

Siku mbili baadaye mtafiti alikuja nyumbani na majibu ya tope. Ni risasi ileile ya kwenye damu, tena nyingi zaidi. Mjuaji naye aliingia nyuma yake. Alisema amekuja kuazima nyundo, lakini aliketi.

"Mimi sielewi," nilimwambia mtafiti. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Maji masafi, tope chafu. Yako sehemu moja! Inawezekanaje?"

Alitoa chupa ya kioo yenye kifuniko, akanituma mferejini. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, maji yalikuwa mekundu yenye udongo wa mlimani. Nikajaza chupa. Akaiweka dirishani.

"Asiiguse mtu," alisema. "Tunywe chai kwanza."

Tukanywa chai, tukala mkate, tukazungumza mengine. Mjuaji alitazama chupa kuliko alivyotazama mkate. Polepole maji ya juu yakaanza kung'aa. Chini kukajikusanya tabaka la tope, jembamba kama ukucha. Mchana ulipofika, ungeweza kusoma gazeti kupitia yale maji ya juu.

"Ofisi ya maji walichota siku gani?" mtafiti aliuliza.

"Siku ya jua. Hakukuwa na mvua."

"Walichota haya ya juu. Karatasi yao haikudanganya. Haya ni masafi." Kisha akaweka kidole chini ya chupa. "Risasi iko hapa. Hupenda kushikamana na chembe laini za udongo. Maji yakienda kasi, yanabeba zile chembe. Yakipunguza mwendo, yanaziacha. Ni kama majani ya chai yanavyotua chini ya kikombe."

"Na lango langu ndilo linalopunguza mwendo," nilisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo lango langu ni baya?"

"Hapana, kaka. Lango lako limezuia tope lisifike mashambani. Lilipokaa chini ya maji, halikumdhuru mtoto wako. Kosa ni kulibeba mpaka mlango wa jikoni. Likakauka, likawa vumbi, likaingia ndani, mikononi, vyomboni, na mdomoni."

Mke wangu hakuridhika. "Mboga zilinawiri. Sumu inanawirishaje mboga?"

"Tope lina rutuba pia. Rutuba na sumu vimekuja pamoja. Mmea haukuonyesha kitu, kwa sababu mmea hauna ubongo wa mtoto. Nilipima majani na karoti mlizoniletea langoni. Risasi nyingi ni ile iliyoganda kwa nje, pamoja na udongo. Nyingine imeingia ndani. Msizile, na msizigawe."

"Tulikuwa tunachemsha maji mara mbili," nilisema, kwa sauti ya mtu anayejitetea.

"Endeleeni kuyachemsha, mara moja inatosha. Moto unaua vijidudu. Risasi si kijidudu. Haifi, haiozi, haichomeki ikaisha. Ukichemsha maji yenye risasi, unabaki na risasi ileile, maji yamepungua."

"Imetoka wapi?" Hatimaye Mjuaji alisema neno.

"Pale juu mlimani palikuwa na karakana ya kuvunja betri kuukuu za magari. Ndani ya betri kuna risasi. Mnaikumbuka?"

"Ile!" Mjuaji alisema. "Imefungwa zaidi ya miaka kumi!"

"Karakana imefungwa. Udongo wake haujafungwa. Mlima umelimwa mpaka juu, hauna majani wala miti. Kila mvua inasomba udongo kidogo, inauingiza mtoni, mto unauleta mferejini."

Nikageuka kwa Mjuaji. Kulikuwa na neno lililonikaa kooni tangu hospitali.

"Mzee," nilisema. "Yale matoroli mawili niliyokuletea. Samahani sana."

Ndiyo siku pekee niliyomwona hana la kusema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wajukuu wanakuja likizo. Nifanye nini?"

"Hicho ndicho kilichonileta," mtafiti alisema. "Tuanze."

Nilitaka nichukue beleshi palepale, nilitupe lile tope mtoni lipotee. Akanishika mkono. Mtoni! Ningekuwa nawapelekea watu wa chini sumu ileile. Na kulichimbua kavu ni kutimua vumbi lote liingie ndani. Tukalimwagia maji kidogo, tukaliacha chini ya turubai. Ofisi ya maji wakaleta watu wenye glavu na barakoa. Wakalichukua, letu na la Mjuaji, wakalizika kwenye shimo lililotandikwa plastiki nene, mbali na mto na visima, wakalifunika kwa udongo wa mfinyanzi na kupanda nyasi juu. Udongo wa juu wa bustani nao ulikwenda hukohuko.

Mke wangu aling'oa spinachi yake mwenyewe. Hakutaka msaada. Tukaleta udongo uliopimwa, tukatengeneza matuta yaliyoinuka, tukayazungushia mbao. Uani tukamwaga kokoto na kuotesha majani, udongo usibaki wazi. Ndani hatufagii vumbi kavu tena. Tunapiga deki kwa kitambaa chenye maji. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Na mabuti yangu hayavuki kizingiti. Yanakaa nje kwenye sanduku, nguo za kazi pia, na zinafuliwa peke yake.

Kazi ya mlimani ilichukua muda zaidi. Tulikaa kikao na wenye mashamba. Watu walikuwa wamechanganyikiwa kama nilivyokuwa mimi. Mmoja alisema mfereji ufungwe. Mwingine alisema maji ni masafi, karatasi si ilisomwa? Nikasimama na ile chupa yangu. Nikaitikisa mbele yao mpaka ikawa nyekundu yote, nikaiweka mezani. Kikao kikaendelea, chupa ikatulia mbele ya macho yao. Mjuaji alieleza yote kama aliyegundua yeye, na safari hii nilimwacha. Alieleza vizuri.

Tukakubaliana. Eneo la karakana likazungushiwa uzio, asilime mtu wala kuchunga. Kwenye mteremko tukapanda nyasi ndefu zenye mizizi mingi, mstari juu ya mstari, zishike udongo. Chini ya mteremko, kabla ya mto, tukachimba shimo pana maji ya mvua yapumzike na kuacha tope huko. Mtafiti anapima shimo hilo na lango langu kila msimu. Na mimi, Bwana Mfereji, sichoti beleshi hata moja kabla sijajua lile tope lina nini na linakwenda wapi.

Mwezi wa kwanza risasi katika damu ya Chiriku ilishuka kidogo. Wa pili ikashuka zaidi. Daktari alifurahi. Lakini karatasi haisemi, na mimi nilitaka asemaye. Nyumba ilikuwa bado imetulia. Alianza kula. Alicheka mara moja, mbuzi alipopiga chafya. Siku moja alimnyooshea kidole kuku, akakaa, akakaa, kisha akasema, "Kuku." Mama yake alikwenda jikoni akafunga mlango, na nilijua anafanya nini humo.

Mwezi wa tano nilirudi kutoka kazini nimechoka hoi. Mvua ilikuwa imenipiga kutwa nzima. Kichwani nilikuwa na mambo ya lango lililokwama. Nikafungua mlango, nikainua mguu niingie.

"Baba!"

Chiriku alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono kiunoni kama mama yake.

"Viatu nje! Umesahau tena? Mbona unasahausahau? Mama amepiga deki. Tope linakaa kwenye sanduku. Halafu uoge mikono. Kwa nini umelowa? Mvua imekunyeshea wewe tu? Na toroli limelowa? Toroli linasikia baridi? Baba, kwa nini toroli lina mguu mmoja wa mbele?"

Nyuma yake mke wangu alikuwa amesimama na kitambaa cha deki mkononi, maji yakimdondoka miguuni, hana habari.

Nikavua mabuti. Nikayaweka kwenye sanduku. Ningeweza kuingia, lakini niliogopa nikisogea ataacha. Nikakaa peku pale nje kwenye baridi, nikamwacha aseme mpaka amalize.

Hakumaliza.